Filamu fupi ya dakika tano: mwongozo kwa kikundi cha wanafunzi

Vikundi vingi vya wanafunzi huanza na kamera. Mmoja ana simu mpya, mwingine ana kaka mwenye kamera nzuri, na kabla hadithi haijakaa sawa watu wameshatoka kwenda kurekodi. Wiki mbili baadaye wana rundo la vipande visivyoungana, sauti imejaa upepo, na mwigizaji mkuu kanyoa nywele. Kazi kubwa ya filamu fupi hufanyika kwenye karatasi na kwenye vikao vya kikundi. Siku ya kurekodi mnatekeleza yaliyokwisha kuamuliwa.

Nimewaandikia watu watano hadi wanane, wenye simu moja au mbili zinazorekodi vizuri, wasio na bajeti ya maana, na wenye wiki nne hivi mkononi. Dakika tano nimezichagua kwa makusudi. Academy ya Marekani, ile inayotoa tuzo za Oscar, huihesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwishoni, lakini huo ni ukomo tu, msiukimbilie. Filamu ambazo ndugu Lumière waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895 hazikufika hata dakika moja kila moja. Dakika tano zinatosha kumfanya mtazamaji amjali mtu mmoja mwenye shida moja. Mkienda dakika kumi kazi inakuwa maradufu, na mara nyingi hadithi ni ileile, imeongezewa watu wanaotembea korido.

Hadithi itoke kwenye mlichonacho

Kabla ya kutafuta wazo, kaeni muandike orodha tatu: sehemu ambazo mnaweza kukaa saa kadhaa bila kufukuzwa, watu walio tayari kuigiza na kuja kwa wakati, na vitu mnavyoweza kuazima. Wazo litoke humo. Hadithi inayoanza na "tukipata gari la polisi" mara nyingi huishia hapohapo, kwa sababu gari halipatikani na kila kitu kilikuwa kinalitegemea.

Wazo likipatikana, lisemeni kwa sentensi moja yenye mtu, anachokitaka, na kinachomzuia. Huu hapa mfano nitakaoutumia hadi mwisho: kijana anarudisha kitabu maktaba, anakumbuka kwamba ndani yake kuna barua aliyoiandika na hakuthubutu kuituma, na anayekisubiri kitabu hicho ni yuleyule aliyeandikiwa. Sehemu ni moja, watu watatu, kitu kimoja, na muda unambana. Hakuna jambazi, hakuna anayekufa, wala hakuna anayezinduka usingizini mwishoni. Huo mwisho wa "kumbe alikuwa anaota" uacheni kabisa. Walimu na waamuzi wa mashindano wameuona mno.

Mkishindwa kukubaliana, kila mtu aandike sentensi yake bila jina, zisomwe kwa sauti, mpige kura. Likishinda moja, limeshinda. Msijaribu kuunganisha mawazo matatu ili kila mtu aridhike. Hapo mtapata filamu yenye barua, ajali ya pikipiki na mashindano ya kuimba, na hakuna hata moja litakalopata muda wa kueleweka.

Kila eneo liwe na mtu mmoja mwenye neno la mwisho

Hapa ndipo vikundi huvunjika, kwa hiyo msipaharakishe. Mnahitaji mwongozaji, mtayarishaji, mwandishi, mpiga picha, mrekodi sauti na mhariri. Mkiwa wachache mtu mmoja ashike nafasi mbili: mwandishi anaweza kuwa mhariri, na mtayarishaji anaweza kutunza mwendelezo (vitu, nguo na nywele vibaki vilevile kutoka kipande hadi kipande) siku ya kurekodi. Jitahidini mwongozaji asiwe mwigizaji, maana hawezi kujiona. Mrekodi sauti naye asipewe kazi nyingine yoyote.

Kila mtu hutaka kuwa mwongozaji, na nafasi ya mtayarishaji hupewa aliyechelewa kikao. Hilo ni kosa. Mtayarishaji ndiye anayejua kama chumba kitakuwa wazi Jumamosi, nani ana ufunguo, nani atabeba waya wa umeme, mwigizaji gani ana mtihani Ijumaa. Mpeni kazi hiyo mtu mwenye utaratibu kuliko wote na asiyeona haya kumpigia mtu simu mara tatu.

Wekeni sheria moja mapema: ushauri ni wa wote, uamuzi ni wa mmoja. Rangi ya picha na mahali pa kuweka kamera ni juu ya mpiga picha baada ya kusikilizana na mwongozaji. Uigizaji ni wa mwongozaji peke yake. Mwenye maoni juu ya uigizaji amnong'oneze mwongozaji, asimwendee mwigizaji. Mwigizaji akiambiwa na huyu "punguza", na yule "ongeza", atasimama mbele ya kamera akiwaza nani amridhishe, na hilo litaonekana usoni.

Kuandika skripti

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa mtindo wa kawaida hukaribia dakika moja ya filamu. Kwa hiyo ziandikwe kurasa tano, zisizidi sita. Kila sini, yaani sehemu ya hadithi inayotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, ianze na mstari unaosema kama ni ndani au nje, ni wapi, na ni wakati gani. Chini yake andikeni yale tu yanayoonekana na yanayosikika. "Anakumbuka barua yake" hakuna kamera inayoweza kulirekodi. Angalieni jinsi kumbukumbu hiyohiyo inavyoweza kuwa tendo:

NDANI. MAKTABA. MCHANA

Kijana anasukuma kitabu juu ya meza. Mkutubi anakipokea bila kuinua macho. Kijana anageuka kuondoka, anapapasa mfuko wa shati, kisha mfuko wa suruali. Anasimama.

Anageuka. Ncha nyeupe ya karatasi imechomoza kati ya kurasa. Mkutubi anaweka kiwiko juu ya kitabu.

KIJANA
Samahani, bado sijakimaliza.

MKUTUBI
Kuna mwenzako anakisubiri.

Mistari miwili tu ya maneno, na tayari tunajua anataka nini na nani yuko njiani. Rasimu ya kwanza ya wanafunzi kwa kawaida ingemfanya kijana aseme peke yake, "Mungu wangu, nimesahau barua yangu humo ndani!" Kuna njia rahisi ya kuyakamata maneno kama hayo. Someni skripti kwa sauti, kila mtu na nafasi yake, kisha mrudie mkiruka mstari mmoja wa mazungumzo kila mara. Mstari ukirukwa na hadithi bado inaeleweka, futeni. Mkisoma, wekeni saa, na msome kwa mwendo wa uigizaji, pamoja na kimya na mitazamo. Ikifika dakika nane, punguzeni sasa hivi kwenye karatasi, msingoje kupunguza mkishapoteza siku nzima kurekodi.

Kutoka skripti hadi orodha ya shoti

Mwongozaji na mpiga picha wakae na skripti waamue kila tukio litaonekana kutoka wapi na kwa ukubwa gani. Shoti ni kipande kimoja kinachorekodiwa bila kukata. Shoti pana inaonyesha mahali na nani yuko wapi. Shoti ya kati inamchukua mtu kuanzia kiunoni. Shoti ya karibu inachukua uso au kitu kimoja. Sini yetu ya maktaba inaweza kugawanywa hivi:

1. Pana: meza, mkutubi, kijana, mlango nyuma yake.
2. Kati: kijana, tangu anaposukuma kitabu hadi mwisho wa sini.
3. Kati: mkutubi, sini nzima.
4. Karibu: mkono unapapasa mifuko.
5. Karibu: ncha ya karatasi katikati ya kurasa.
6. Karibu: kiwiko kinashuka juu ya kitabu.
7. Kati: msichana anaingia mlangoni.

Shoti ya 2 na ya 3 zinarekodi sini nzima kwa makusudi. Zikiwepo, mhariri ana pa kukimbilia kila kipande kingine kikikataa. Shoti ya 5 ni fupi lakini filamu yote inaitegemea: mtazamaji asipoiona karatasi, haelewi kwa nini kijana ana jasho. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwongozaji Lev Kuleshov wa Urusi aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti, na watazamaji wakausoma uso huo kwa namna tofauti kulingana na picha iliyofuata. Kwa hiyo kijana wetu hahitaji kukunja uso wala kushika kichwa. Onyesheni karatasi, kisha uso uliotulia, na wasiwasi mtazamaji atauweka mwenyewe.

Jambo linalowachanganya wengi ni upande wa kamera. Vuteni mstari wa kufikirika kutoka kwa kijana hadi kwa mkutubi. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo kwa sini nzima. Ikivuka, watu wawili waliokuwa wanatazamana wataonekana wote wanatazama upande mmoja, kama wanaongea na mtu wa tatu. Chorani ramani ya chumba kwa kutazama kutoka juu, mweke meza, watu, madirisha, na alama ya kila mahali kamera itakaposimama. Hata mchoro mbaya unatosha, mradi wote waelewe.

Halafu wekeni nyota kwenye shoti ambazo bila hizo hadithi haisimami. Kwetu ni 2, 3, 5 na 7. Hizo zirekodiwe mapema, kwa sababu siku ya kurekodi muda huwa haufiki.

Lokesheni na ruhusa

Nendeni kuiona sehemu saa ileile mtakayorekodi, na siku ileile ya wiki mkiweza. Korido iliyo kimya Jumapili inaweza kuwa soko Jumatatu. Mkifika, wote mnyamaze dakika moja mkiwa mmefumba macho. Mtasikia feni, friji, jenereta, kengele, watoto, barabara. Jiulizeni vipi vinazimika na vipi havizimiki. Kisha tazameni jua linaingia kupitia dirisha gani na litakuwa wapi saa tatu baadaye, na soketi ziko wapi.

Ruhusa iombwe kwa maandishi kwa msimamizi wa mahali hapo, ikitaja tarehe, saa na idadi ya watu. Kwa kurekodi barabarani au kwenye majengo ya umma, mwulizeni mwalimu wenu kama kibali cha mamlaka kinahitajika, taratibu hutofautiana. Waigizaji wasaini karatasi fupi ya kukubali kuonekana kwenye filamu na kwenye intaneti, na aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi. Bunduki za bandia nazo ziacheni. Mpita njia hajui kwamba ni filamu.

Karatasi ya siku

Jioni ya kuamkia kurekodi, mtayarishaji atume karatasi moja kwa wote: mahali, saa ya kila mtu kufika, shoti za siku kwa mpangilio wa kurekodi, nguo za kila mwigizaji, vitu vinavyohitajika na nani anavileta, namba za simu, chakula na maji. Msichana wa shoti ya 7 hana haja ya kufika saa 2 asubuhi kama atarekodiwa saa 6. Mtu aliyekaa saa nne bila kazi huanza kuwachekesha waliopo kazini.

Mpangilio wa kurekodi haufuati hadithi. Rekodini shoti zote zinazoelekea mlangoni kwa pamoja, kisha geuzeni kamera na taa mara moja mrekodi zote zinazoelekea mezani. Kwa kikundi kipya kadirieni dakika 20 kwa shoti, kupanga na kurudia vikiwemo. Shoti 18 ni saa sita kamili kabla hata hamjala. Mkiona orodha yenu ina shoti 40 kwa siku moja, tatizo mmeliona leo, na leo bado linatibika.

Jaribuni vifaa siku moja kabla

Rekodini dakika moja, mwihamishie kwenye kompyuta ya mhariri, mhakikishe inafunguka na ina sauti. Jaribio hilo la robo saa lina thamani kuliko lenzi ya kuazima.

Kwenye simu: ishikwe kwa ulalo muda wote. Futeni lenzi kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya taa ziwe na ukungu. Wekeni hali ya ndegeni, simu isilie katikati ya shoti. Msivute picha kwa vidole viwili, sogeeni karibu. Bonyezeni kwa muda mrefu juu ya uso wa mwigizaji hadi fokasi na mwanga vijifunge, vinginevyo picha itapauka na kukoza yenyewe kila mtu anapopita. Ubora wa 1080p unatosha. Wa 4K ni mzuri, lakini faili zake ni kubwa mara kadhaa na kompyuta dhaifu itakwama kuzihariri.

Kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazochukuliwa kila sekunde, ina sababu yake. Umeme wa nchi nyingi una mzunguko wa Hz 50, na chini ya taa zake fremu 25 kwa sekunde hutulia. Penye Hz 60, chagueni fremu 30. Mkienda kinyume, taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha ingawa kwa macho zimetulia. Programu ikiruhusu kuweka kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga), wekeni 1/50 kwa fremu 25, au 1/60 kwa fremu 30. Simu zote zinazorekodi zitumie kasi ileile ya fremu.

Mwanga msiununue. Dirisha kubwa ndilo taa yenu. Mwigizaji alielekee au akae ubavu kwalo, asilipe mgongo. Upande wa uso ulio gizani inulieni ubao mweupe au karatasi ngumu nyeupe, usogezwe hadi kivuli kilainike. Nje, jua la utosi huchimba mashimo meusi machoni. Hamieni kivulini au subirini lishuke.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga. Mazungumzo yasiyosikika hayavumilii hata dakika moja. Maiki ya simu iliyo mita tatu kutoka kwa mwigizaji itasikia chumba zaidi kuliko mtu. Kama hamna maiki ya kubana shatini, chukueni simu ya pili, iwekeni ianze kurekodi sauti, mwifiche nusu mita kutoka mdomoni: nyuma ya vitabu vya mezani kwa mkutubi, au mfukoni mwa shati ya kijana, mradi kitambaa hakiisugui. Rekodini kidogo, sikilizeni, hamisheni, rekodini tena.

Sauti hiyo na picha vitaunganishwa wakati wa kuhariri. Ndiyo maana kila shoti huanza na mtu anayesimama mbele ya kamera, anataja namba, na kupiga kofi moja. Kamera ione viganja vikikutana na simu ya sauti iusikie mlio. Mhariri atatafuta mlio huo kwenye sauti zote mbili na kuzilinganisha, basi.

Mrekodi sauti avae hedifoni kila mara kamera inapowaka, na awe na haki ya kusema "ndege inapita, turudie" bila kununiwa. Zimeni feni na friji. Kwa friji kuna ujanja wa zamani wa watu wa filamu: weka ufunguo wa nyumba yako ndani yake, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Kabla ya kufunga kazi kwenye kila chumba, watu wote wasimame kimya mrekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho. Ukimya wa maktaba una mlio wake, na mhariri akiweka kimya cha kompyuta mahali pake, sikio litagundua mara moja.

Siku yenyewe

Kila shoti ianze na mazoezi bila kamera, hadi mwigizaji ajue asimame wapi. Wekeni kipande cha gundi ya karatasi sakafuni kama alama. Kisha maneno yawe yaleyale kila mara, yasemwe na watu walewale (teki ni kila mara shoti ileile inaporekodiwa):

"Kimya. Sauti?"
"Inarekodi."
"Kamera?"
"Inarekodi."
"Sini ya kwanza, shoti ya tano, teki ya pili." Kofi.
"Anza."

Mwongozaji peke yake ndiye anayesema "kata". Kabla ya "anza" na kabla ya "kata" hesabuni sekunde tano kimoyomoyo. Mpiga picha akizima mara tu neno la mwisho linapotoka, mhariri hana pa kukatia. Mwigizaji akikosea maneno aendelee. Mara nyingi nusu ya pili ya teki mbovu ndiyo bora kuliko zote.

Mwongozaji ampe mwigizaji kitu cha kufanya. Ukimwambia "onyesha wasiwasi", atatoa macho. Ukimwambia "kichukue kitabu hicho bila yeye kushtuka", mkono utaanza kusogea wenyewe na macho yatakuwa kwa mkutubi. Ikibidi kurudia, badilisheni jambo moja tu kila mara. Teki tatu au nne zinatosha. Ikifika ya tisa, tatizo liko kwenye shoti, na pengine mnahitaji kuigawa.

Sasa ile ncha ya karatasi. Katika shoti ya 5 imechomoza upana wa kidole, upande wa kulia wa kitabu, robo ya tatu ya kurasa. Mkala chakula cha mchana, mtu akakisogeza kitabu apate pa kuweka sahani, akakirudisha. Kwenye shoti ya 6 karatasi iko kushoto na imechomoza nusu kiganja. Hakuna atakayeona siku hiyo, na kila atakayeitazama filamu ataona, maana ndicho kitu pekee mlichomwomba akitazame. Anayetunza mwendelezo apige picha ya meza, nguo na nywele kabla kamera haijahama, tena anapoanza shoti inayofuata, alinganishe. Mikono ya shati imekunjwa mara ngapi? Kifungo cha juu kimefungwa? Saa ya ukutani iondoeni kabisa. Huyohuyo aandike daftarini namba ya kila teki na alama kwa zile nzuri.

Mkiona jua linakwenda na shoti zimebaki, rudini kwenye nyota. Zisizo na nyota zikatwe bila mjadala. Na ugomvi ukizuka, kwa sababu watu watakuwa na njaa na utazuka, mwongozaji aamue palepale, majadiliano yasubiri vifaa vifungwe.

Jioni hiyohiyo, kabla mtu hajalala, faili zote zinakiliwe sehemu mbili: kompyuta moja na diski au flashi inayokaa nyumba nyingine. Fungueni chache muone zinacheza. Hadi hapo hakuna anayefuta chochote kwenye simu.

Kuhariri

Programu za bure zipo. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu sana lakini linataka kompyuta nzuri. Shotcut na Kdenlive hufanya kazi hata kwenye mashine za kawaida. Chagueni moja ambayo mhariri anaijua tayari; huu si wakati wa kujifunza nyingine.

Panga kwanza kila kitu kwa mfuatano wa skripti, bila urembo. Mkato huo wa kwanza utakuwa mrefu na utawavunja moyo. Ndivyo ilivyo. Sasa mhariri akate mwanzo na mwisho wa kila sini. Je, tunahitaji kumwona kijana akifungua mlango, akipita kabati tatu, akifika mezani? Anzeni na kitabu kikisukumwa. Mkutubi akishasema "kuna mwenzako anakisubiri", msingoje jibu, nendeni mlangoni.

Mbinu inayobadilisha kazi ya wanafunzi kuliko zote ni kutenganisha sauti na picha. Mkutubi anapoanza kusema, tuendelee kumtazama kijana. Sentensi ni ya mkutubi, lakini inamwangukia kijana, na uso wake ndio tunaoutaka. Filamu inayomwonyesha kila anayesema kila anaposema huchosha haraka. Chini ya mikato hiyo yote tandazeni ule ukimya wa chumba mliourekodi, usikatike popote.

Kwenye kipimo cha sauti cha programu (dB), mazungumzo yachezee kati ya −12 na −6 kwenye kilele, yasiguse 0 kamwe. Sikilizeni kwa hedifoni, halafu kwa spika ya simu.

Muziki uje mwisho. Mkiuweka mapema utawadanganya kwamba sini mbovu ni nzuri. Wimbo unaovuma hamruhusiwi kuutumia tu kwa sababu mmetumia sekunde 30. Hakuna kinga ya namna hiyo. Muziki wenye leseni ya Creative Commons (mtunzi ameruhusu wengine kuutumia kwa masharti) unafaa, ila someni masharti. Leseni nyingi kati ya hizo zinataka mtunzi atajwe. Zenye herufi ND, yaani zisizoruhusu kazi kubadilishwa, hazifai kwa filamu hata kidogo, kwa sababu leseni hizo huhesabu kuunganisha muziki na picha zinazotembea kuwa ni kuubadilisha. Kama kuna mwenzenu anayepiga gita au kinanda, mwombeni yeye, na asaini karatasi.

Kisha wakalisheni watu watatu wasiojua lolote juu ya filamu. Msiwaeleze kitu. Watazameni wao badala ya skrini, mwone wanapogusa simu zao. Ikiisha waulizeni: kijana alikuwa anataka nini? Wapi ulichoka? Nani alikuwa anakisubiri kitabu? Wakishindwa swali la kwanza, rudini kwenye shoti ya 5 mwirefushe sekunde moja, au irudieni mara ya pili baada ya kiwiko. Msijitetee. "Lakini tuliandika kwenye skripti" haimsaidii mtazamaji.

Rangi zisawazishwe tu ili shoti za sini moja zifanane. Majina ya mwishoni yasizidi sekunde 20 au 30, na kila mtu ahakiki herufi za jina lake, pamoja na waliotoa chumba na waliobeba viti. Wekeni maandishi ya mazungumzo chini ya picha kama kuna watazamaji wasiosikia au wa lugha nyingine.

Kukabidhi na kuonyesha

Toeni faili la MP4 lenye usimbaji wa H.264, 1080p, kwa kasi ileile ya fremu mliyorekodia. Litazameni lote toka mwanzo hadi mwisho, hilo faili lenyewe, kwa sababu programu huweza kutoa fremu nyeusi au sauti iliyochelewa ambayo haikuwepo wakati wa kuhariri. Siku ya kuonyesha fikeni mapema mjaribu projekta na spika za ukumbi, mkiwa na nakala kwenye flashi na nyingine kwenye laptopu.

Mkitaka kuipeleka kwenye tamasha, someni kanuni zake kabla ya kuipandisha mtandaoni: baadhi hazipokei filamu iliyokwisha kuonekana hadharani, na karibu zote zina kikomo cha dakika na zinataka uthibitisho wa haki za muziki. Karatasi za ruhusa, saini za waigizaji, leseni ya muziki, faili za awali na mradi wa uhariri viwekwe pamoja kwenye folda moja, na mtayarishaji abaki na nakala yake, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa simu tamasha likiuliza.